Yaliyomo Yanayojiandika

Tasnifu ya Kiswahili ina adabu zake za mlangoni. Ithibati ya msimamizi hutangulia, ikafuata ikirari, tabaruku, shukurani na ikisiri, ndipo msomaji afike kwenye ukurasa ulioandikwa YALIYOMO. Kurasa za mwanzo zote ni kauli za watu: msimamizi anathibitisha, mtafiti anakiri kwamba kazi ni yake, wazazi wanatabarukiwa, wafadhili wanashukuriwa. Yaliyomo pekee si kauli ya mtu yeyote. Ni hesabu tupu ya vichwa vilivyomo ndani, kwa mpangilio wao, na ukurasa ambapo kila kimoja kinapatikana.

Hesabu ni kazi ya kompyuta. Hata hivyo, nenda kwenye steshenari zilizo jirani na chuo chochote kikuu, Dar es Salaam au Nairobi, utakuta ukurasa huo bado unaandikwa kwa mkono. Mchapaji anashuka na faili, anakiona kichwa, anarudi juu kukinakili, anashikilia kitufe cha nukta mpaka mstari ukaribie ukingo wa kulia, kisha anaandika 47. Nukta zimezidi, 47 inarukia mstari wa chini. Anafuta mbili, anaongeza moja. Saa mbili baadaye ukurasa unapendeza. Wiki inayofuata msimamizi anaagiza aya mbili ziongezwe katika Sura ya Pili, 47 inakuwa 48, na kila namba iliyo chini yake inageuka kuwa uongo.

Programu za kuandikia zimeweza kutengeneza ukurasa huu zenyewe kwa miongo kadhaa. Sidhani watu hawajui kwamba uwezo huo upo. Wengi wameshakibonyeza kile kitufe, wakaletewa ujumbe kwamba hakuna vichwa vilivyopatikana, wakati wao wanaviona vichwa hamsini kwa macho yao. Wakahitimisha kwamba kitu chenyewe ni kibovu. Sura hii inahusu kwa nini kompyuta haikuwa inasema uongo.

Kichwa ni kipi?

Chukua mstari unaosema "Usuli wa Tatizo". Mwandishi ameuandika kwa herufi nzito, ukubwa wa 14, akaacha nafasi juu yake. Msomaji yeyote akiufikia anajua kwamba hapa sehemu mpya inaanza. Anajua kwa sababu ameshasoma vitabu vingine, na kwa sababu anaelewa maneno yenyewe.

Programu ya kuandikia haina ujuzi huo. Kwake huo ni mstari mfupi wenye herufi nzito, na mistari ya namna hiyo imejaa katika waraka: jina la jedwali, neno "Tanbihi", jina la chuo kwenye jalada, swali la kwanza la hojaji. Kuitaka ichague vichwa kwa kuangalia unene wa herufi ni kama kumtuma mgeni mkutanoni awatoe wazee wa baraza kwa kuangalia mvi. Ataleta watu, lakini si kila mwenye mvi ni mzee wa baraza, na wapo wazee wasio na mvi hata moja.

Kwa hiyo mwandishi lazima aseme: mstari huu ni kichwa, tena cha ngazi hii. Katika Word, kusema huko kunafanywa kwa mitindo. Mtindo unaoitwa Heading 1 ni wa sura, Heading 2 ni wa sehemu ndani ya sura, Heading 3 ni wa kijisehemu, na ngazi zinaendelea hadi 9, ingawa kazi inayofika ngazi ya 5 inahitaji kupangwa upya kuliko inavyohitaji mitindo. Weka kiteuzi kwenye mstari, shikilia Ctrl na Alt, bonyeza 1, 2 au 3. Basi. Kama rangi ya buluu inayokuja na mtindo huo haikupendezi, na mimi hainipendezi, badilisha mtindo wenyewe mara moja na vichwa vyote vya ngazi hiyo vitabadilika pamoja.

Anayetaka kuuona ukweli huu kwa macho afanye jaribio dogo. Nakili faili lako la Word, kisha badilisha tamati ya nakala kutoka .docx iwe .zip, ulifungue. Ndani yake kuna folda iitwayo word, na ndani ya folda hiyo faili la document.xml, ambalo ndilo maandishi yako yakiwa yamevuliwa nguo. Kichwa kilichopewa mtindo kinabeba alama inayosema Heading1. Kichwa kilichopambwa kwa mkono kinabeba herufi b, yaani nzito, na namba 28. Ni 28 kwa sababu Word hupima herufi kwa nusu pointi, kwa hiyo 14 inaandikwa maradufu. Hakuna mahali popote panaposema kwamba mstari huu unaanzisha jambo jipya. Mwandishi alilijua hilo ila hakuliandika.

Ukishavipa vichwa mitindo, kinachobaki ni kidogo mno. Unasimama pale yaliyomo yanapotakiwa kukaa, unaenda kwenye References, unachagua Table of Contents, na ukurasa unajaa. Lakini ulichokiweka pale si maandishi ya kawaida. Bonyeza Alt na F9 uone kilicho nyuma ya pazia: TOC \o "1-3" \h \z \u. Hiyo ni amri. Herufi o inasema kusanya vichwa vya ngazi ya 1 hadi ya 3. H inasema kila mstari uwe kiungo cha kubonyeza. Z inaficha nukta na namba za kurasa pale waraka unapotazamwa kwa sura ya tovuti. U inaruhusu aya zilizopewa ngazi bila kutumia mitindo ya kawaida ziingie pia. Kila kichwa kilichokusanywa hufungiwa alama iliyofichika, jina lake likianza na _Toc na kufuatiwa na tarakimu, na mstari wa yaliyomo huuliza alama hiyo: sasa uko ukurasa wa ngapi?

Hapo ndipo yanapotoka yale maneno yaliyowahi kumwaibisha mtahiniwa zaidi ya mmoja: "Error! Bookmark not defined." Kichwa kimefutwa au kimebandikwa upya, alama yake imekwenda nacho, na mstari wa yaliyomo umebaki ukiita asiyekuwepo. Dawa ni F9, kisha kuchagua jedwali zima lihuishwe, si namba za kurasa peke yake. Ukichagua namba tu, kichwa ulichokiongeza jana hakitaingia. Ukichagua jedwali zima, masahihisho yote uliyoyafanya kwa mkono ndani ya yaliyomo yatafutika. Ndivyo inavyopaswa kuwa: kosa la tahajia lililo kwenye yaliyomo lirekebishwe kwenye kichwa chenyewe, huko ndani.

Warumi, mawakili na Wafaransa

Shida ya msomaji kutojua kitu kilipo ni ya zamani kuliko karatasi tunazozijua. Plinius Mzee, ofisa wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, alimtunukia Titus, mwana wa Kaisari Vespasian, ensaiklopidia ya vitabu 37. Kitabu cha kwanza chote ni orodha ya yaliyomo katika vile 36 vinavyofuata, pamoja na majina ya waandishi aliowategemea katika kila kimoja. Katika dibaji anaeleza sababu bila kuzunguka: Titus ana shughuli za umma, asilazimike kusoma kila kitu, na wengine nao watafute wanachokitaka wajue kilipo. Anakiri pia kwamba Valerius Soranus alimtangulia kufanya hivyo kwa Kilatini. Orodha yake haikuwa na namba za kurasa, maana magombo hayakuwa na kurasa. Hata baada ya vitabu vya kufunua kuenea, namba zilichelewa. Katika vitabu vya chapa, mfano wa mapema kabisa unaojulikana ni kijitabu cha mahubiri kilichochapwa Köln mwaka 1470.

Turuke karne tano. Mwaka 1964, katika chuo cha MIT huko Marekani, Jerome Saltzer aliandika programu iitwayo RUNOFF, iliyopanga maandishi kwa kufuata amri zilizochomekwa humohumo, kila moja ikianza na nukta. Uzao wake ulifika katika maabara ya utafiti ya Bell Labs, ambako mfumo wa Unix ulipata kompyuta mpya kwa ahadi ya kutengeneza programu za kuhariri na kupanga maandishi, na idara ya hataza, iliyokuwa na nyaraka nyingi za kuchapa, ikawa miongoni mwa watumiaji wake wa kwanza. Mwaka 1973 Joe Ossanna akaandika troff, programu nyingine ya ukoo huo.

Troff ilisoma faili mara moja tu, kutoka juu hadi chini. Sasa fikiri: yaliyomo yanakaa mbele, lakini namba zake zinajulikana mwisho. Programu inayosoma mara moja haiwezi kuandika mwanzoni jambo ambalo haijalifikia. Wenye kifurushi cha amri kiitwacho ms walilitatua kwa namna ya kuchekesha: yaliyomo yalichapwa mwishoni kabisa, na mtumiaji alizichukua karatasi hizo kwa mkono wake akazihamishia mbele. Mfaransa asingeona shida yoyote, kwani vitabu vingi vya Kifaransa huweka yaliyomo nyuma hadi leo.

Wazo kubwa zaidi, lile la kuitaja kazi ya mstari badala ya kuelezea umbo lake, lilikuwa likipikwa kwingineko. Mwaka 1967 William Tunnicliffe alisimama mbele ya wachapishaji huko Kanada akapendekeza maudhui ya waraka yatenganishwe na mpangilio wake wa kuchapa. Miaka miwili baadaye, ndani ya kampuni ya IBM, Charles Goldfarb, wakili aliyegeukia kompyuta, pamoja na Edward Mosher na Raymond Lorie walibuni GML, herufi tatu ambazo ni za mwanzo wa majina yao wenyewe. Walikuwa wakihangaika na nyaraka za ofisi za mawakili, ambazo zilitakiwa kuhaririwa, kutafutwa na kuchapwa na programu tofauti zisizoelewana. Kichwa kikiitwa kichwa, kila programu itakitumia kwa haja yake. Uzao wa GML ni SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na katika ukoo huohuo ikatoka HTML yenye ngazi zake sita za vichwa, h1 hadi h6.

Ndiyo maana Wikipedia ya Kiswahili haina tatizo la steshenari. Mwandishi wa makala kule huzungushia kichwa alama za usawa mbili kila upande, na makala ikishakuwa na vichwa vya kutosha yaliyomo yanajitokeza yenyewe. Aliyewahi kuchangia huko hata makala mbili ameshajifunza mitindo bila kujua.

Namba inayojisukuma

Tatizo la troff halijafa. Limefichwa tu.

LaTeX, iliyoandikwa na Leslie Lamport katika miaka ya 1980 juu ya msingi wa TeX wa Donald Knuth, hulionyesha vizuri. Unaandika amri \tableofcontents, unaendesha programu, na unapata ukurasa wenye neno Contents na chini yake weupe mtupu. Wanafunzi wa hisabati na uhandisi hushtuka. Programu imepita kwenye maandishi, imekuta vichwa, imeviandika pamoja na kurasa zake katika faili la pembeni lenye tamati .toc, ikamaliza. Ukiiendesha mara ya pili, inalisoma faili hilo na kujaza ukurasa. Ila sasa yaliyomo yaliyokuwa mstari mmoja yamekuwa kurasa tatu, na kurasa hizo zimeisukuma Sura ya Kwanza mbele. Namba zilizochapwa ni za waraka wa mara ya kwanza, ambao haupo tena. Unaendesha mara ya tatu.

Kwa kawaida ya tatu inatosha. Kinadharia inawezekana isitoshe kamwe. Fikiria sentensi inayomwelekeza msomaji kwenye ukurasa wa jedwali fulani. Ikiandikwa 100, tarakimu tatu zinarefusha aya kwa mstari mmoja, na kusukumana huko kunaishia kwa jedwali kupata nafasi kwenye ukurasa wa 99. Programu inasahihisha iwe 99, mstari unarudi, mpangilio unajipanga upya, na jedwali linarukia 100. Inaweza kuzunguka hivyo mpaka umeme ukatike. Word nayo hukumbwa na mchezo huu, na ndiyo sababu mchapaji mzoefu hubonyeza F9 mara mbili bila kuulizwa.

Wapiga chapa wa enzi ya herufi za risasi walikuwa wameshalikata fundo hili kabla kompyuta hazijazaliwa. Waliipanga dibaji na yaliyomo mwisho, mwili wa kitabu ukiwa umeshachapwa, na wakazipa kurasa hizo namba zake za Kirumi: i, ii, iii, iv. Yaliyomo yakirefuka hata kwa kurasa kumi, Sura ya Kwanza inabaki ukurasa wa 1. Vyuo vyetu vinadai namba za Kirumi hadi leo, na wanafunzi wanaichukulia kanuni hiyo kama usumbufu wa ofisi ya uzamili. Ni werevu wa kiufundi. Kinachowasumbua hasa ni kwamba Word inahitaji waraka ukatwe sehemu mbili kwa Section Break kabla haijakubali namba za aina mbili, na hilo hakuna aliyewafundisha.

Sura ya Kwanza, Utangulizi

Desturi zetu za uandishi zinaleta ukaidi wao pia. Tasnifu nyingi huandika SURA YA KWANZA mstari wa juu, UTANGULIZI mstari wa chini, vyote katikati. Kwa jicho ni kichwa kimoja. Kwa Word ni aya mbili, kwa hiyo yaliyomo yanaleta mistari miwili yenye namba ileile ya ukurasa. Suluhisho ni kuvunja mstari kwa Shift na Enter badala ya Enter peke yake. Aya inabaki moja na kichwa kinabaki kimoja.

Kisha kuna 1.0. Programu ikihesabu yenyewe huanza sehemu kwa 1.1, wakati mwongozo wa chuo unataka 1.0 Utangulizi, 1.1 Usuli wa Tatizo, 1.2 Tatizo la Utafiti. Watu wakiona hivyo huzima hesabu ya mashine na kuandika kila namba kwa vidole. Hakuna haja. Katika mpangilio wa namba za ngazi nyingi, iambie ngazi ya pili ianze na sifuri. Tangu hapo, ukihamisha sehemu nzima kutoka Sura ya Tatu kwenda ya Pili, namba zitajipanga.

Jambo jingine dogo: herufi kubwa. Ukiandika UTANGULIZI kwa kufunga Caps Lock, yaliyomo yataleta UTANGULIZI. Ukiandika Utangulizi na kuuagiza mtindo uonyeshe herufi kubwa, ndani kitaonekana kikubwa na kwenye yaliyomo kitatulia. Mimi napendelea njia ya pili. Ukurasa mzima wa herufi kubwa unapiga kelele.

Lugha ya menyu haikuwahi kuwa kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, na kazi ya yaliyomo ilikuwemo. Tabia ya kupamba vichwa kwa mkono iliendelea vilevile. Tabia hiyo ilianza kwenye taipureta, ambako kichwa kwa kweli hakikuwa na utambulisho wowote zaidi ya wino na nafasi, na walimu wa taipureta ndio waliowafundisha walimu wa kompyuta.

Wapo wanaosema sasa tusijisumbue, programu mpya zitabashiri. Zinabashiri kweli, hasa kwa vitabu vya zamani vilivyopigwa picha: zinaangalia ukubwa wa herufi, ufupi wa mstari, kukosekana kwa nukta mwishoni. Kwa mwandishi aliyekwishafariki huo ni msaada mkubwa. Mwandishi aliye hai mbele ya kibodi hana sababu ya kubashiriwa.

Kuna msomaji mmoja ambaye kwake mambo haya si urembo. Mwanafunzi asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini, mathalani NVDA, ya bure, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Katika waraka wenye vichwa vya kweli anabonyeza H na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama mwenye macho anavyopitisha jicho juu ya kurasa. Mpe tasnifu ya kurasa 200 iliyopambwa kwa mkono, na H haimfikishi popote. Atasikiliza kuanzia ithibati. Maktaba zinazopokea tasnifu kwa njia ya kielektroniki zingeweza kuikataa kazi isiyo na mitindo ya vichwa kama zinavyoikataa isiyo na ikisiri. Naona zingetenda haki.

Mashine, hata ikifanya kila kitu sawasawa, hukusanya tu. Fungua yaliyomo ya tasnifu ya sura tano: 1.0 Utangulizi, 2.0 Utangulizi, 3.0 Utangulizi, 4.0 Utangulizi, 5.0 Utangulizi, na kila sura inafungwa na Hitimisho. Mistari kumi, namba sahihi kabisa, na msomaji hajaambiwa neno. Plinius aliandika orodha yake bila F9, lakini aliyeisoma alijua kitabu kipi kinasema nini. Vichwa ni kazi ya mwandishi, na yaliyomo yanayojiandika yana faida moja ambayo haitajwi sana: yanakuonyesha vichwa vyako vyote vikiwa vimepangwa pamoja, mahali ambapo udhaifu wao hauna pa kujificha. Yatengeneze mapema, rasimu ingali changa, uyasome kama mtu ambaye hajasoma kazi yako. Kichwa kisichomwambia kitu mtu huyo, kiandike upya.

Siku ya kuchapa ikifika, fanya mambo kwa utaratibu huu. Huisha jedwali zima, mara mbili. Chagua vichwa vitatu au vinne katikati ya kazi uhakikishe kurasa zake. Kisha hifadhi kazi kama PDF, na hiyo PDF ndiyo upeleke steshenari. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ulizotumia, mistari itavunjika mahali pengine, kurasa zitasogea, na namba zako zote zilizokuwa sahihi nyumbani zitachapwa zikiwa na makosa.